Aliyeushusha Wimbo Wangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki iishe kabla sijaujaza ukurasa. Nikisubiri itulie nitaandika kwa adabu, na mtu ninayemwandika hastahili adabu yangu.

Mtu huyo ana studio kule mtaani Jabe, chumba kimoja nyuma ya duka la vitenge, kuta zote zimebandikwa trei za mayai za kuzuia mwangwi. Alichukua wimbo nilioutunga mimi, akampa msichana mwingine auimbe, na mji mzima ukaujua wimbo bila kunijua mimi. Kabla ya hapo sikujua kwamba ninaweza kumchukia mtu kila siku bila kuchoka.

Wimbo wenyewe ulitoka darasani. Mwalimu wetu wa hesabu huita majina kila asubuhi, na sauti yangu haifiki mezani kwake. Siku tatu mfululizo aliniandika sikuwepo, nami nimekaa dawati la tatu namtazama. Siku ya nne direkteri aliniita ofisini kuniuliza kwa nini natoroka shule. Hata yeye sikuweza kumjibu. Nilirudi nyumbani Gasenyi, nikalichukua gitaa, na neno lililonikwama kooni likatoka lenyewe, juu sana, karibu na kilio: Nipo. Ndicho kiitikio. Nipo, mara nne, kila moja juu ya iliyotangulia. Ya nne huwa inaniuma kifuani, na nilitaka iniume.

Muziki wa rock nilifundishwa na watu nisiowajua. Jabe hiyohiyo kuna fundi wa redio, mzee Mwislamu mwenye kofia nyeupe iliyoingia vumbi la risasi ya kuchomea waya, ambaye kila akienda kuswali aliniachia nimwangalizie meza yake. Ndani ya redio moja mbovu mteja alikuwa amesahau kadi ya nyimbo, na hakurudi tena. Nyimbo hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu. Nilikaa likizo nzima na wimbo wa saba. Sijui nani aliuimba, wala ni wa nchi gani. Nilijua tu kwamba mpiga gitaa alikosea katikati akaliacha kosa lake palepale, na kila nikifika pale najisikia kama nimeshikwa mkono. Watu wengi shuleni wanapenda wimbo baada ya kuambiwa kwamba wengine wanaupenda. Mimi sikuambiwa na mtu. Sijisifu, ila naona kitu ulichokipata peke yako hakikuongopei.

Nilimuuliza fundi gitaa la wimbo ule linakwaruza namna gani vile. Akafungua redio kuukuu, akachomea waya mbili, akaniambia nichomeke gitaa langu. Sauti iliyotoka ilimfanya muuza viatu vya sandali wa jirani asimame.

"Haya ni makelele," fundi alisema. "Lakini ni makelele yenye akili. Endelea, mutoto."

Mwaka jana nikajipa moyo nikaenda studio. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yote nitakayosema, nisije nikanyamaza mlangoni. Mwenye studio alikuwa hana kazi siku ile, akanipokea vizuri. Nikachomeka gitaa kwenye ile redio ya fundi niliyokuja nayo, nikapiga. Akakunja uso.

"Mudogo wangu, kamba yako imekufa."

"Apana. Ndiyo sauti yake."

"Sauti gani? Hii ni kitu inaungua."

Alibadilisha kamba tatu za kuchomekea. Alikagua soketi. Alikuwa na huruma ya kweli usoni, kama daktari. Mwisho akasema, "Piga bila hiyo redio. Kwanza tupate kitu safi. Makelele tutaongeza kisha." Nikatikisa kichwa kukubali. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nimelilipia: nilitikisa kichwa.

Nikaimba. Kwenye kompyuta yake akanionyesha sauti yangu, vilima vilima, na kabla ya kila kilima kuna vumbi kidogo. "Hii ni pumzi yako," akasema, akaifuta. Akafuta zote, moja moja, kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Mimi hupumua hivyo kwa sababu naogopa. Wimbo ulikuwa unahusu uoga huo. Nilitaka kumwambia, na karatasi yangu haikuwa na sentensi hiyo. Aliniambia atanipigia simu. Hakupiga.

Miezi miwili baadaye nimetumwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Jabe. Spika ya duka la simu ilikuwa inapiga muziki laini wa mapenzi, ngoma za kompyuta, kinanda, na mwanamume anapiga kelele jina la studio yake juu ya mstari wa kwanza. Mstari wa pili niliujua. Wa tatu niliujua. Kisha sauti ya msichana ikasema: Nipo, cheri.

Cheri. Mwenye studio alimwingiza mpenzi ndani ya wimbo wa mwanafunzi asiyesikika darasani. Na alikuwa ameushusha, kwa sababu sauti ya yule msichana haifiki juu. Ile Nipo ya nne, yenye kuniuma, ilikuwa imekaa chini pamoja na nyingine, imetulia kama paka aliyeshiba. Nilirudi nyumbani bila ndagala.

Kesho yake nilimweleza fundi wa redio.

"Niliisikia," alisema. "Si ile yako? Mbona kuna cheri ndani?"

"Sijui, papa."

"Enda umuambie."

"Siwezi."

Aliweka chini chuma chake cha kuchomea. "Redio yangu unaipigisha mupaka inatoa moshi. Na kumuambia mutu maneno mbili, unashindwa?"

Nilishindwa. Nilipita mbele ya lile duka la vitenge mara tano, na kila mara nikawa mtu anayetafuta kitenge. Nyumbani nilimsemesha mwenye studio kwenye daftari, kurasa na kurasa, na kwenye daftari alikuwa anatetemeka.

Ndipo msichana mwenyewe akaja kwangu. Anakaa Kigobe, mtaa wa nyumba kubwa, anasoma darasa moja mbele yangu, ndiye sauti kubwa ya kwaya ya shule. Tangu wimbo utoke alikuwa anatembea katikati ya uwanja, wengine tunapita pembeni. Alinikuta kwenye ngazi.

"Sha," akaniita, kama vile tunajuana, "ni we mwenye kupiga gitare?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Direkteri hataki muziki ya simu kwa sikukuu ya shule. Anataka ya kupiga mbele ya watu. Utanisindikiza. Wimbo wangu unaijua?"

"Naujua."

"Kila mutu anaijua," akacheka. "Si ngumu. Utashika tu."

Wimbo wangu, alisema. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayetaja kiatu chake. Hapo nikapata neno la kumjibu mwenye studio, na halikuhitaji mdomo.

Tulifanya mazoezi wiki nzima katika darasa tupu, na wiki nzima nilimpigia kwenye toni ya chini, bila redio, kidole kwa kidole, mpole kama mtoto wa kanisani siku ya Jumapili. Aliniletea maandazi. Aliniambia nina moyo mzuri. Nilikula maandazi yake. Usiku kwenye daftari niliandika tu tarehe na chini yake: bado siku nne, bado siku tatu.

Siku ya sikukuu fundi alifunga redio yake nyuma ya baiskeli akaniletea hadi getini. Ilikuwa alasiri, wazazi wamekaa kwenye viti, wanafunzi wamesimama hadi kwenye mabomba. Msichana alipoiona redio aliinama sikioni kwangu. "Hii ya nini?" Nikamwambia ya kuongeza sauti, watu ni wengi. Sikumdanganya sana.

Kisha nikapiga akodi ya kwanza, nyuzi zote kwa pamoja, si pale tulipofanyia mazoezi. Nilipiga juu, pale wimbo ulipozaliwa. Sikuongeza kitu. Niliurudisha tu kwao, na mkwaruzo wake wote. Mama mmoja mstari wa mbele aliziba masikio. Msichana alinitupia jicho, akatabasamu, akaanza. Beti zinaanzia chini, akazimudu. Nilikuwa namtazama shingo yake. Nipo ya kwanza alifika. Ya pili alifika kwa kunyanyua visigino. Ya tatu aliifinya. Ya nne ilivunjika kama chaki ubaoni, ikabaki hewa.

Kutoka nyuma, upande wa wavulana wa mwaka wa mwisho, mmoja akaitikia, "Hayupo!" Mwingine: "Mwalimu, muandike absent!"

Uwanja ukacheka. Sitaandika kwamba nilijuta. Nilisikia utamu ukinishuka hadi magotini. Nikazunguka tena kwenye kiitikio, kwa makusudi, ili avunjike mara ya pili mbele ya mama yake.

Hakuvunjika. Wale wanafunzi, walewale waliocheka, wakaanza kuuimba badala yake. Watu mia kadhaa, chini, kwa sauti nzito, kila mmoja na toni yake: Nipo, cheri. Naye, hodari kama alivyo, akawageuzia mikro ya kuimbia kana kwamba tulipanga hivyo. Akapiga makofi juu ya kichwa. Direkteri alisimama. Mwisho wa wimbo akaja kumpa msichana mkono, na kwangu akasema kwa upole kwamba hiyo redio ipelekwe kwa fundi. Fundi alikuwa amesimama getini, ameshika baiskeli yake.

Basi, nilikuwa nimempa yule msichana ushindi mkubwa kuliko alioutafuta. Na lile neno cheri lilikuwa limeimbwa na shule nzima juu ya gitaa langu.

Nilimkuta kwenye mabomba ananawa uso. Hakuwa ameshinda sana alipokuwa peke yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulipandisha toni," alisema.

"Sikupandisha. Ndipo inapokaa."

"Siku zote tulifanya chini."

"Aliyeushusha ni mwenye studio. Alipokupa."

Akafunga bomba. "Aliniambia alinitungia mimi."

"Nimeutunga mimi. Nyumbani. Na hakuna cheri ndani. Ni kuhusu kuitwa jina darasani."

Nilishangaa kusikia sentensi nne zikitoka kinywani mwangu zikifuatana. Yeye alinitazama, na nadhani alikuwa anaupitisha wimbo kichwani, mstari kwa mstari, akimtoa mpenzi.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungeniamini?"

Alifikiri. "Apana." Kisha, kwa sababu naye ana roho yake: "Na ukanila maandazi wiki muzima."

"Nilikula."

"We ni mubaya, sha. Umekaa kimya hivi, kumbe uko mubaya."

Sikubishana. Akaniambia hawezi kuuacha, kwa sababu hana wimbo mwingine, na watu wanamwita kuuimba kwenye harusi na kanisani. Nikamwambia basi auimbe, lakini kwa masharti yangu. Cheri itoke. Kabla ya kuanza aseme nani ametunga. Na aimbe kwenye toni yangu.

"Siwezi kufika."

"Utajifunza."

Tangu hapo anakuja Gasenyi kila Jumamosi baada ya katekisimu kanisani. Anatembea kipande chote cha barabara ya vumbi na viatu vyake vyeupe, na mimi namsubiri na gitaa limeshachomekwa. Mama anafikiri nimepata rafiki. Labda. Msichana ametimiza sharti la kwanza na la pili. Mara ya kwanza alilitaja jina langu akitazama chini, mara ya pili alitazama watu. Mwenye studio amesikia. Alimpigia msichana simu, hakupokea. Mimi aliniandikia ujumbe: mudogo wangu, tusikosane kwa kitu kidogo, njoo turekodi tena, hata na makelele yako. Niliusoma mara nyingi. Sijamjibu, na sitamjibu. Maisha yangu yote nimenyamaza kwa uoga. Huyu ni mtu wa kwanza ninayemnyamazia kwa kupenda, na ninajua kwamba inamuuma kwa sababu ameandika tena mara tatu. Tutarekodi kwa fundi wa redio, mchana, na muuza sandali akipiga nyundo hapo pembeni, na hakuna mtu atakayegusa pumzi.

Lakini kwanza msichana aifikie ile ya nne. Na hapa sina budi kusema ukweli, kwa kuwa hili ni daftari langu. Kila Jumamosi alipofika Nipo ya nne akavunjika, nilifurahi. Nilimwambia rudia, na nilikuwa sifundishi. Nilikuwa namlipiza, taratibu, ndani ya nyumba yetu, na mama analeta chai. Alirudia hadi jasho likamtoka juu ya mdomo. Hakulalamika hata mara moja, na hilo nalo lilinikera.

Jumamosi iliyopita alifika juu. Hakunyanyua visigino, hakufinya. Alivuta pumzi kwa nguvu, pumzi mbaya yenye kusikika, akaipanda ile ya nne akasimama juu yake. Iliuma. Nilisikia inamuuma palepale inaponiuma mimi. Mama alitokeza kichwa dirishani. Gitaa lilikuwa bado linakwaruza peke yake, nimesahau kulizima kwa kiganja, na msichana ananitazama, anangoja niseme kitu.

Nilitafuta hasira yangu nikaikuta, lakini haikujua tena iende wapi.

"Rudia," nikasema.

Akarudia.