Mrija wa Peke Yake

Agosti 1996 nilimpoteza mdogo wangu, tuliyenyonya naye ziwa moja.

Alikuwa ameolewa Ngara. Wakimbizi walipokuja kutoka Rwanda, mumewe alipata kazi ya kupakua magunia kambini, na siku nyingi hakulala nyumbani. Yeye ndiye aliyemrudisha kwetu Runazi, nyuma ya baiskeli, mifupa mitupu. Mume mwenyewe alikuwa amenenepa.

Mwezi huo mwalimu wa afya alikuja shuleni kutufundisha habari za ukimwi. Mzee mmoja akauliza, "Na mbu je?"

"Mbu angekuwa anaambukiza, mzee wangu, wewe usiye na chandarua tungeshakuzika."

Tulicheka. Mwalimu akatuuliza kama mrija wa pombe unaambukiza. Nikanyoosha mkono. Nikasema hapana, ni kulala na mwenye virusi bila kondomu. Nilipigiwa makofi.

Jumapili tulikaa kuzunguka chungu cha pombe ya mtama. Kwetu mrija hupita mkono kwa mkono. Ukimruka mtu, umemwambia si mwenzenu. Mdogo wangu nilimkatia mrija wake, nikamwekea pombe kwenye kopo, pembeni.

"Dada, hata wewe?"

"Ni kwa ajili ya kikohozi chako."

"Mbona mume wangu anakunywa nanyi? Kwa kuwa ana mashavu?"

Shemeji akacheka. "Mgonjwa anauonea wivu mrija!"

Mrija ulipotoka kwake ukaja kwangu. Nikanywa. Mdogo wangu hakuligusa kopo.

"Kesho nipeni wa wote," akasema. "Mara moja tu."

Nikamwambia tutaona. Alifariki Alhamisi. Sikuwa nimempa.

Siku ya kuondoa matanga chungu kiliwekwa tena. Shemeji alikaa na jirani yetu mmoja, mwanamke mjane. Alikunywa, akaufuta mrija kwa kiganja, akampa. Mjane akanywa, wakanong'onezana wakicheka. Hakuna aliyemruka yeyote kati yao.

Nilijua mrija hautamdhuru yule mama. Nilijua pia ni nini kingemdhuru, maana nilikisema mbele ya shule nzima na makofi nikapata. Sikumwita pembeni.

Jua lilipoanza kushuka waliinuka.

"Shemeji, tunaaga," akasema yule mwanaume.

"Haya," nikawaambia. "Mwende salama."

Mjane akajifunga vizuri kanga yake, akapanda nyuma ya baiskeli ileile.