Nguo ya Kompyuta

Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, kila kiti cha sofa kimoja mgongoni na viwili mikononi, na hata jagi la maji lilikuwa na kofia yenye shanga pembeni. Vyote alivifuma Mama kwa sindano moja ya kroshe aliyokuja nayo kutoka magharibi alipoolewa na mfanyakazi wa reli. Ninaanza na vitambaa kwa sababu ndivyo nilivyopaswa kuanza navyo wakati ule, na sikuanza navyo.

Wakati wenyewe ulikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mimi na Mama tuliishi Makadara katika nyumba ya vyumba viwili. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja mjini. Kazi yangu ilikuwa kujua faili iko wapi, imechukuliwa na nani na saa ngapi, na niliipenda kupita kiasi. Kwangu mimi jambo lisiloandikwa lilikuwa halijatokea. Wenzangu walinitania kwamba hata nikioa nitamfungulia mke wangu faili, na sikuona kibaya katika wazo hilo.

Kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia ofisini, na waliojua kuzitumia walikuwa wakituruka kwenye vyeo. Nami nikaitaka yangu. Ya dukani sikuiweza, kwa hiyo nilimwendea rafiki yangu aliyeishi mlango wa pili. Tulikuwa tumekua pamoja na kuimba kwaya pamoja, yeye sauti ya chini, mimi sauti ya kujaribu. Mchana alikuwa kibarua kiwandani, akitengeneza mota. Kompyuta alikuwa amejifunza kwa kuzifungua zilizokufa, akiuliza hapa, akisoma pale, mpaka mtaa mzima ukawa unamwita fundi.

Aliniundia mashine kipande kwa kipande. Kasha alilipata kwenye ofisi iliyokuwa ikihama, skrini kwingine, na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wenyewe, aliinunua mpya katika duka la mjini. Aliifunga juu ya bodi, akaipaka krimu nyeupe ya kupitisha joto, akaiwekea kipande cha aluminiamu chenye meno kama kitana, na juu yake feni ndogo. Kisha akaiacha ikiwaka chumbani kwake wiki mbili, kasha likiwa wazi, ili aone kama ina tabia mbaya. Haikuwa na tabia mbaya. Jumamosi moja akaibeba begani hadi kwetu, Mama akapiga vigelegele vidogo kama vya kumpokea mkwe.

Siku ile alitupa onyo moja tu. Alimgeukia Mama, kwa sababu alijua nani hasa mwenye nyumba, akamwambia, "Mama, adui ya hii kitu ni vumbi." Mama aliitikia kwa kichwa. Vumbi la Jogoo Road alikuwa amepigana nalo miaka ishirini, na hapo alikuwa amepewa sababu mpya ya kupigana.

Katika muda wa wiki tatu alikuwa ameifumia kompyuta nguo mbili. Ya skrini ilikuwa ndogo, ya kuvuliwa mtu anapofanya kazi. Ya kasha ilikuwa kubwa, nyeupe yenye ukingo wa buluu, na ilifunika juu, ubavuni na mgongoni, mbele pekee pakabaki wazi ili nipate kubonyeza swichi na kutia disketi. Kwa kuwa vitundu vya kroshe vingepitisha vumbi, aliishonea bitana ya kitambaa kizito cha marekani. Wanawake wa kanisa walikuja kuitazama. Mama alisimama kando yake akisema si kitu, ni uzi tu, huku uso ukimng'aa. Nami nilijivuna pamoja naye, sitakana.

Mwezi huohuo mashine ikaanza kuganda. Ningekuwa ninaandika, ghafla mshale kwenye skrini ungesimama, kibodi isiitikie, na kila kitu nilichoandika kipotee. Nilifanya nilichojua kufanya. Nilinunua daftari, nikapiga mistari: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuganda, programu iliyokuwa wazi, hali ya hewa, hali ya stima. Baada ya muda nikaona mpangilio. Iliganda karibu kila mara baada ya dakika ishirini na tano.

Nilimwita fundi. Alikuja baada ya kazi, mikono ikiwa bado na grisi ya kiwandani, akafungua kasha na kuiwasha. Ilikwenda saa nzima bila kukohoa. Alitoa memori akaipangusa na kuirudisha, akabadilisha waya wa stima, akatafuta virusi kwenye disketi zangu. Aliweka kidole kwenye aluminiamu, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kupima joto: ukiweza kuhesabu hadi tano kabla ya kuondoa kidole, mashine ni nzima. Alihesabu hadi kumi. Akafunga kasha, akanywa chai, akaenda zake. Kesho yake nikawasha, na dakika ya ishirini na sita ikaganda.

Alikuja mara tano au sita, na kila mara ikawa hivyo. Mbele yake mashine ilikuwa mwanafunzi mwenye adabu, akiondoka tu inarudia utundu. Safari moja aliniuliza, "Boss, kwani hapa inakaa iko na hewa?" Nikamjibu kwa uhakika wa mtu wa masijala kwamba iko kando ya dirisha na dirisha huwa wazi. Akatazama dirisha, akaona ni kweli.

Ambacho hakukiona ni kitambaa. Mama alikuwa na utaratibu wake. Akisikia sauti ya fundi mlangoni, alikivua kwanza, akakikunja na kukipeleka chumbani, kisichafuliwe na grisi. Fundi akishaondoka, alikirudisha na kukinyoosha pembe. Mimi nilikuwapo. Nilimwona akikivua na kukirudisha mara zote hizo, na katika daftari langu lenye safu sita hakukuwa na safu yake. Kitambaa katika nyumba yetu hakikuwa kitu cha kuandikwa. Kilikuwapo tu, kama sakafu.

Halafu nikasoma gazetini kwamba kuna matapeli wanaokwangua namba ya prosesa ya kasi ndogo na kuichapa ya kasi kubwa, na kwamba dalili yake ni joto na kuganda. Nilisoma habari ile mara mbili nikiwa nimesimama. Kila kitu kikakaa mahali pake. Kumbe ndiyo maana ilijitia uzima mbele ya fundi, kwani alijua pa kuishika. Kumbe ndiyo maana aliinunua mwenyewe. Sikujiuliza mtu angeishikaje prosesa kwa kidole ikatulia saa nzima. Hasira ikishapata karatasi ya kujishikiza haiulizi maswali, na ile yangu ilikuwa na karatasi mbili, gazeti na daftari.

Sasa, wakati huo kanisa letu lilikuwa limeamua kufungua darasa la kompyuta katika chumba cha nyuma, kwa ajili ya vijana waliomaliza shule. Kamati ilikuwa imekubali kwamba fundi ndiye ataziunda mashine sita na kufundisha. Kwake huo ulikuwa mlango aliokuwa akiungoja tangu utotoni. Alikuwa amekwisha kumwambia msimamizi wake kiwandani kwamba anaacha kazi. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo.

Sikumwendea kwanza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikwenda kwenye kikao cha kamati na daftari langu kwapani, nikawaonyesha tarehe na saa, nikawasomea gazeti, nikasema prosesa niliyopewa ni feki, na kwamba kanisa lisije likaingia hasara ya mara sita. Nilisema kwa upole na masikitiko. Waliniamini kwa sababu nilikuwa nimeandika. Waliamua kununua mashine dukani na kumtafuta mwalimu mwingine, nami nikayaingiza kwenye kumbukumbu za kikao kwa mwandiko safi.

Alikuja jioni ile ile, akiwa amekwisha kuambiwa. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kuniuliza kama ni kweli nimesema, nikamwambia ni kweli.

"Hiyo prosesa ni poa," alisema. "Itoe, peleka kwa fundi yeyote unayemwamini. Akisema ni feki, nitanyamaza."

Nikamwambia sina haja ya kuipeleka popote, ushahidi ninao.

"Ungeniambia mimi kwanza, boss," alisema. "Mimi kwanza, halafu wao."

Nafasi ya kibarua haikai wazi siku mbili. Alirudi kiwandani akakuta mtu mwingine amesimama kwenye meza yake. Kwaya aliiacha. Baada ya miezi michache alihamia Tassia, na nikasikia kwamba anabeba mizigo kwenye bohari. Mtaani hakuna aliyempelekea tena kitu cha kutengeneza, kwa kuwa habari ilikuwa imetoka kanisani.

Mashine yangu iliendelea kuganda, nami niliendelea kuandika. Mpaka Jumamosi moja, mwaka haujaisha, Mama alipoamua kufua vitambaa vyote vya nyumba kwa ajili ya ugeni wa wanawake wa kanisa. Vilianikwa kwenye kamba nje vyote, pamoja na kile kikubwa chenye ukingo wa buluu. Nilikaa kufanya kazi asubuhi. Nilipoangalia saa ilikuwa mchana na mashine haijaganda. Niliinuka nikaenda mlangoni, nikaviona vitambaa vikipepea, kile chenye ukingo wa buluu kikiwa miongoni mwao.

Bado sikutaka kuamini. Jumapili, Mama alipokuwa kanisani, nililivika kasha kitambaa na kuketi na saa. Dakika ya ishirini na tatu ikaganda. Nikapitisha mkono nyuma, kwenye matundu ambapo feni hupumulia, nikakuta hewa ya moto imefungiwa kati ya bati na bitana, haina pa kwenda. Nikakivua, nikasubiri mashine ipoe, nikawasha tena. Ilikwenda hadi Mama aliporudi. Na kwenye bitana ya marekani, mahali palipogusa matundu yale, palikuwa na duara la rangi ya chai ambalo kufua hakukuliondoa.

Nilimwambia Mama kitambaa ni kizuri mno, kivaliwe mashine ikiwa imezimwa, mimi nitakivua nikitaka kuitumia. Alifurahi. Sikumwambia zaidi, nikajipa sababu kwamba kumwambia ni kumvunja moyo. Sababu ile ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa mwoga. Nilifunga daftari nikaliweka chini ya sanduku la nguo. Tassia si mbali na Makadara, mtu mwenye miguu mizima anafika. Sikwenda.

Mwaka uliofuata Mama alilazwa kwa ajili ya upasuaji, akarudi amedhoofika lakini mzima. Nyumba ilijaa watu wa kanisa, wanawake wa kamati wakiwa kwenye sofa na vikombe vya chai mkononi. Hodi ikabishwa, akaingia fundi. Alikuwa amekonda. Alimwinamia Mama akampa mkono kwa mikono miwili, akampa na mkate aliokuja nao, na Mama akamshika asimwachie, akamwita mwanangu, akamlaumu kwa kupotea. Mimi alinisalimu kama wengine.

Palipobaki pa kuketi ni kwenye kiti cha kompyuta. Alikaa, na ndipo akakiona kitambaa kwa mara ya kwanza, kwa maana siku ile hakuna aliyetegemea kuja kwake na Mama hakuwa na nguvu za kuinuka. Alikitazama juu, akakitazama ubavuni. Kisha akainua upande wa nyuma kwa vidole viwili, akaliona lile duara. Akanitazama. Sijui nilikuwa na uso gani.

"Si wewe uliniambia vumbi ni adui?" Mama alimwambia. "Nikaishonea nguo na bitana juu. Imesaidia?"

Wanawake wa kamati walikuwa wakimtazama mtu waliyemwita mwizi. Sentensi moja tu ingemtosha. Ingemrudishia jina lake hapo hapo, mbele ya wale wale.

"Imesaidia, Mama," alisema. "Iko safi kabisa."

Akakishusha kitambaa, akakinyoosha pembe jinsi Mama alivyokuwa akikinyoosha, akamaliza chai yake. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimeyapanga maneno kuanzia mlangoni, lakini nikazungumzia hali ya Mama tu. Yeye ndiye aliyeligusa jambo lenyewe.

"Na vile ulikuwa unaandika kila kitu," aliniambia, akavuka barabara.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Darasa la kompyuta lilikuwa limekwama, mwalimu aliyetoka mjini alikuwa ameacha, mashine mbili zilikuwa zimekufa na hakuna aliyejua kuzifungua. Waliongea juu ya mambo hayo kwa muda mrefu bila kupata njia. Tulipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mwenye neno kabla hatujafunga kwa sala. Wote walitikisa vichwa. Nilikuwa na kalamu mkononi, ukurasa uko wazi mbele yangu, na nikaandika: hakuna.