Glavu za Dobi

Hospitalini walimwita Bi Pima, na jina hilo hakupewa bure. Hakuna aproni iliyoingia stoo yake bila kumwagiwa maji, wala barakoa ambayo hakuivaa kwanza mwenyewe, akapanda na kushuka ngazi mpaka ajue kama inaziba vizuri pembeni. Madaktari walimtania. "Bi Pima, hiyo ni barakoa au mchumba?"

"Mchumba akikuongopea utalia wewe," alijibu. "Hii ikikuongopea tutalia sisi."

Asubuhi hiyo alikuja binti wa kaka yake, dobi mpya wa hospitali, siku yake ya kwanza kazini. Angefulia katika chumba kilekile alichofulia marehemu mama yake. Bi Pima alijua siku hiyo itafika.

Alimpa buti, maana sakafu ya kule haikauki. Akampa aproni ndefu na miwani ya kuzuia dawa isimrukie machoni. Zikabaki glavu. Msichana alichukua boksi la zile nyembamba za wodini.

"Nipe hizi, shangazi. Hizo nene nitakuwa kama nakamata shuka kwa miguu."

Bi Pima alivuta glavu nyembamba, akaigusa kwa sindano ya kushonea. Ikatoboka palepale. Akaijaribu ile nene ya mpira, sindano ikakwama.

"Ukiisukuma kwa nguvu itapita, sikudanganyi. Kwa hiyo usikumbatie furushi la shuka, wala usichomeke mkono usipopaona."

Msichana aliitazama ile sindano. "Mama alivaa zipi?"

Bi Pima angeweza kusema hakumbuki. Ukoo mzima ulijua kwamba sindano iliyosahaulika ndani ya shuka ilimchoma mama huyu, na homa ya ini ikammaliza. Walisema ni kazi ya Mungu, wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa mgawaji wa glavu.

Alikuwa yeye. Enzi hizo aligawa vifaa kwa vyeo, kama watu wanavyogawa viti harusini: wakubwa mbele, wengine watajijua. Jozi nne za glavu nene alizipeleka kwa madaktari, watu wasiofua hata soksi zao, zikakaa kabatini mpaka zikapasuka kwa uzee. Kazi ya mtu hakuiuliza. Aliuliza cheo.

"Alivaa nyembamba," alisema. "Nilimpa mimi. Alikuja mara mbili kuniomba nene, hapo ulipo. Nikamwambia, 'Wifi, hizo za wakubwa. Wewe ni shuka tu.'"

Miaka kumi na mmoja tangu msiba ule alikuwa akipima kila kitu kinachoingia mlangoni, na maneno hayo hakuwahi kumtamkia mtu. Aliona aibu, na aliogopa, kwa sababu msichana huyu ndiye mtoto pekee aliyekuwa akija kumjulia hali.

Msichana hakulia. Alirudisha boksi la nyembamba mezani, akavaa zile nene, akakunja na kukunjua vidole. Vilicheza ndani.

"Zinanipwaya," alisema. Hakumwita shangazi. "Nitafutie saizi yangu."

Bi Pima akasogeza ngazi kwenye rafu, akapanda kumtafutia.