Nani Anapendekeza Katibu Ajiuzulu

Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa mradi wetu wa maji, huku milimani upande wa Olenguruone. Shule niliachia darasa la saba. Kuandika kumbukumbu za mikutano nilijifunza mwenyewe, kutoka kwa kitabu cha zamani ambacho chama cha ushirika kilitaka kuchoma. Kitabu hicho kilisema katibu aandike yaliyosemwa, si yale ambayo wasemaji wangependa kuwa walisema. Nililishika hilo kama sheria.

Kwenye kikao cha kamati cha kupanga zamu za maji, mwenyekiti alisema juu yetu sisi tunaokaa bondeni: "Hao wa chini wangoje. Si wamezoea mto?" Nikaandika. Mkutano wa wanachama wote ulipofika, nikasoma kumbukumbu hizo kwa sauti, neno kwa neno. Watu wa chini walisimama na mkutano ukavunjika kwa matusi.

Wiki iliyofuata kamati iliniita kwenye chumba cha kanisa. Tulikuwa saba. Hakuna aliyenisalimu.

"Katibu, umetuaibisha," mwenyekiti akasema. "Andika barua ya kujiuzulu. Leo."

"Kwani niliandika uongo?"

"Nani amesema ni uongo? Wewe ni redio?"

Wakacheka. Mweka hazina, mama mwenye duka la dawa za mifugo, akaongeza: "Mzee, vitabu vimekuharibu. Mtu akikohoa, unaandika!"

Nikafungua daftari la mikutano, nikaandika tarehe na majina ya waliohudhuria. Kisha nikauliza, "Nani anapendekeza katibu ajiuzulu? Na nani anaunga mkono? Lazima majina yaingie."

Hakuna aliyeinua mkono. Mmoja akatoa simu yake, akaanza kuiangalia.

"Andika tu kwamba wanakamati wamekubaliana," mwenyekiti akasema.

"Wanakamati gani?"

"Mnaona? Mnaona huyu mtu?"

Niliona nimewashinda, na sitaficha kwamba nilifurahia.

Ndipo jirani yangu akainua mkono. Katika kamati ni sisi wawili tu tuliotoka bondeni, na mashamba yetu yanapakana. Yeye ndiye niliyetegemea anitetee.

"Andika jina langu," akasema. "Mimi napendekeza."

Nikamwuliza kama ana sababu ya kuandikwa.

"Sababu unaijua, boss. Tangu usome hayo maneno yako, koki ya bomba la kuja kwetu imefungwa. Wiki nzima! Mamangu hawezi kufika mtoni, anaoga maji ya kuombaomba. Wewe ulitaka tupate maji, ama ulitaka kusoma tu?"

Mke wangu pia alikuwa akipanda kutoka mtoni kila asubuhi na mtungi mgongoni, na wiki hiyo yote sikuwa nimemwuliza lolote.

Mweka hazina akaunga mkono. Niliandika majina yote mawili, nikaandika kwamba katibu amejiuzulu, nikatia sahihi. Mwenyekiti akalivuta daftari, akalifunga bila kusoma.

"Na koki?" nikauliza.

"Hiyo si kazi yako tena. Toka."

Siku ya tatu maji yakaja. Nilipofika kwenye mfereji wetu wa bomba na mitungi miwili, nilimkuta jirani yangu akijaza yake. Alimaliza, akaondoka bila kuniangalia. Mfereji hakuufunga.