Aya ya Funza

Kokuhirwa alianza na meza moja ya dagaa sokoni, akajipandisha mwenyewe mpaka kwenye steshenari yake ya Kashai. Hakuna aliyewahi kumuuzia kitu kwa bei ya kwanza. Miaka tisa sasa alikuwa akichapa risala za watu, barua za watu, wasifu wa marehemu wa watu. Safari hii alitaka jina lake mwenyewe likae juu ya jalada. Mshindi wa shindano la hadithi angechapishiwa kitabu, na mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa hiyo saa kumi. Hadithi yake ilikuwa tayari.

Saa nane siku hiyo hiyo akaingia Uledi, mnunuzi wa dagaa wa kisiwa cha Goziba, na daftari lenye madoa.

"Dada Koku, nichapie hii halafu unitumie. Ya shindano."

Alilipokea kwa ncha za vidole. Lilinuka kambi nzima ya wavuvi. Akaichapa yote kwenye kompyuta.

Hadithi ilimhusu mwanamke aliyeanika dagaa mchangani, mvua ikapiga siku tatu, wakaingia funza. Uledi hakumhurumia wala hakumlaumu. Alimfuata tu akiokota funza mmoja mmoja, akifunika gunia kwa dagaa wazuri juu, akinawa kwa limau mara tatu, na mtoto wake bado akageuza uso asinyonye.

Chakula cha mchana kilimpanda Kokuhirwa kooni. Gunia la namna hiyo aliwahi kuliuza mwenyewe. Na katika hadithi yake, muuza dagaa alikuwa anatabasamu kama jua la asubuhi.

"Hii aya ya funza uitoe," alisema. "Majaji ni watu wazima. Waitu jamani, nani ataisoma ametoka kula?"

"Inachefua sana?"

"Sana."

"Wewe ndiye unayejua, dada. Futa."

Kokuhirwa alikuwa amejiandaa kuvutana naye japo kidogo. Akafuta. Akasoma kilichobaki: kisafi, chepesi, sawasawa na chake. Akatupia jicho karatasi zake kando ya printa. Akabonyeza, aya ikarudi.

"Mbona umeirudisha? Si umesema itawachefua?"

"Wachefuke."

Uledi akainama kwenye kaunta, akaona zile karatasi zenye jina la Kokuhirwa. "Kumbe na wewe unashindana?"

"Nashindana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ulikuwa unanishusha bei, dada."

"Nilikuwa. Na wewe ukaachia upesi mno, ndiyo maana matajiri wanakuonea huko kisiwani. Kaa, nimalizie."

Alituma ya Uledi kwanza, nzima, na funza wake wote. Kisha akatuma na yake, kwa sababu muda ulikuwa haujaisha na kutuma hakukuwa na hasara. Alijua jina la nani litakaa kwenye jalada, na kama majaji wangeweka la kwake badala ya la Uledi, angewadharau.