Kipimo cha Masika wa Beni

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitenge kipya hunirudisha Butembo kabla sijafumba macho. Barazani kwa mama mdogo wangu palikuwa na cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kuibiwa vipuri, na vumbi jekundu ambalo mvua ya Desemba ililigeuza tope kabla hujamaliza kulifagia. Nilikuwa bado katika umri wa kuvunja sindano. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini sakafuni, kumtungia mama mdogo uzi, na kulipwa vipande vya nguo. Nilivihesabu mara mbili mbele yake, maana alikuwa mkarimu wa maneno kuliko wa mkasi. Tulipatana kila jioni kama watu wa soko la Musienene wanavyopatana gunia la maharage. Nikishinda, nilishona mfuko, foronya, hata kofia ya mbuzi wa jirani, naye akaila.

Msimu huo wa kuelekea Noeli, alikuja mama mmoja kutoka upande wa Beni. Tulimwita Mama Masika, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mimi pia naitwa Masika. Kwetu Wanande ndilo jina la binti anayetangulia, na ukiliita sokoni wanageuka wengi. Mama huyo alikuwa analima Mulekera, mpaka siku watu wenye silaha walipoingia mashambani na kila mtu akakimbilia alikoweza. Alipofika barabarani, binti yake hakuwa nyuma yake. Hakuonekana tena, wala mwili haukuonekana. Sasa mama aliishi Butembo kwa dada yake, akiuza sombe, yale majani ya muhogo, na alitaka gauni la Noeli la mtoto huyo.

“Nitamupima nani, mama?” mama mdogo aliuliza kwa sauti ya chini.

Yeye akanitazama. “Huyu. Yeye na wangu balizaliwa mwaka moja.”

Nikapandishwa kwenye kigoda. Nilidhani nayajua mapatano yote ya dunia hii, lakini yale sikuwahi kuyasikia.

“Ongeza kidole kwa bega. Baba yake ni mutu murefu.”

“Mama, mutoto hakui mbio kama muhindi.”

“Wangu anakua.”

Mama mdogo alipunguza, mama akapandisha, wakakutana katikati, na bega lililokuwa likinunuliwa na kuuzwa lilikuwa langu. Kisha wakafika kwenye pindo. Barazani kwetu gauni la mtoto liliachiwa pindo pana, likunjwe ndani na kufumuliwa kila mwaka anaporefuka, mpaka mistari ya mikunjo ya zamani itaje umri wa gauni mbele za watu. Mama mdogo alikwisha kulichora kwa chaki.

“Pindo la nini?” Mama Masika aliuliza. “Unafikiri atakawia?”

Mama mdogo akaifuta ile chaki kwa kiganja. Ukingo ukabaki mwembamba, wa kuviringishwa kwa vidole na kushonwa kwa mkono, naye akanifundisha kuushona mimi. Huo ndio mshono wangu wa kwanza wa kweli. Niliupenda, ukinyooka kidogo kidogo chini ya kidole gumba, na sijaacha kuupenda mpaka leo. Lakini siku ya kulijaribu gauni, Mama Masika alinifunga kifungo cha shingoni, akanizungusha, akarudi nyuma hatua kadhaa, akamtabasamia mtu ambaye hakuwa mimi. Nilitaka kulivua papo hapo. Kwa wiki kadhaa nilitembea nimejikunja, nikijaribu kutokua. Kila nilivyorefuka nilihisi kuna mwingine anarefuka pamoja nami bila kula.

Alirudi Noeli iliyofuata, na zile za baadaye, kila mara kwa gauni jipya. Tulipandisha bega, tukashusha kiuno, tukaacha nafasi ya kifua mwaka kifua changu kilipotokeza. Mimi nikashuka Beni kujifunza zaidi: kuchora patroni ya nguo kwenye karatasi kabla ya kukata, kutia bitana, kuficha zipu, kudarizi kwa mashine. Leo nina karakana yangu katika komini ya Ruwenzori, humo humo Beni. Mama Masika naye alirudi Beni, akaniulizia mtaa kwa mtaa mpaka akanipata.

Mwaka huu alikuja na kitenge cha kijani. Nikajiweka mbele ya kioo kama kawaida yetu, nikampa utepe wa kupimia. Hakuupokea. Alinitazama toka juu mpaka chini, kama mnunuzi aliyeonyeshwa kuku mzee.

“Wewe umezaa batatu, umenona,” akasema. “Yeye hapana.”

“Sasa nimupime nani, mama?”

“Kata tu, mwanangu. Kazi unaijua.”

Naijua kweli. Nionyeshe bega, nitakutajia kiuno, na tukibishana utashindwa wewe. Utotoni niliomba atafutwe mwingine wa kupimwa, yeyote, nipumzike. Nimepumzishwa. Niliketi mbele ya kile kitenge muda mrefu, mkasi mkononi, nisijue nianzie wapi. Zamani nilikua kwa ajili ya watu wawili, nikaogopa. Sasa nazeeka peke yangu, na yule mwenzangu hana tena mtu wa kumkulia.