Zege Bichi na Mzee Elirehema

Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na kutu iliyolowa, kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Wenzangu huko mlimani, juu ya Makumira, walikulia kwenye harufu ya ndizi za kuchoma, sisi kwetu hata uji ulinukia gereji. Sababu ni mashine ambayo baba, fundi wa vyuma, aliikuta imelala kwenye karakana ya shamba moja la zamani lililokufa kule Usa River. Ilikuwa ya kukereza chuma, yaani unafunga nondo nene inazunguka, kisu kinailamba mpaka inakuwa shafti, ule mhimili unaozungusha mitambo. Mgongo wa mashine ulikuwa mrefu, bwana, kuku akianza kutembea upande huu, akifika ule wa pili ana vifaranga. Kutu ilikuwa nene kiasi kwamba mama alitaka kupanda viazi. Tuliisugua miezi na miezi, baba, mama na mimi, kwa mafuta ya taa, vumbi la tofali na magunia yaliyochanika, mpaka siku moja nikauona uso wangu kwenye chuma nikakimbia, maana nilikuwa mweusi kuliko sufuria.

Basi ikafika Julai ile. Kahawa ilikuwa imeiva mlima mzima, nyekundu mpaka ukitazama macho yanauma, na shafti ya mtambo wa kumenya kahawa wa kikundi chetu ikakatika vipande viwili. Kahawa mbivu haina subira. Ukiichuma leo bila kuimenya, kesho inaanza kuchacha, keshokutwa hata nzi wanaionea huruma. Na ilikuwa imeshachumwa. Baba akasema mbele ya watu kwamba shafti ataichonga yeye, Jumatatu itakuwa tayari. Chuma cha kufaa kilikuwepo kimoja tu mlimani kote. Jumamosi akaisimamisha mashine, akamwaga zege chini ya kila mguu, akaweka pima maji huku na huku mpaka lile povu la ndani ya kioo chake likatulia katikati. Akatuambia isiguswe mpaka zege likauke, kwa sababu mgongo mrefu namna ile mguu mmoja ukishuka kidogo tu, mgongo wote unajipinda na kwa macho huoni.

Sasa kwetu kitu kipya hakifanyi kazi kabla ya kuombewa. Jumapili wazee wa usharika wakaja moja kwa moja kutoka kanisani. Mama alikuwa amewapangia mabenchi nje, lakini manyunyu ya Julai yakawafukuza wote ndani ya banda. Humo hakukuwa na kiti. Kulikuwa na mashine ndefu, inang'aa, imenyooka kama benchi la kanisa. Wakaketi juu yake, wazee saba. Wa mwisho, upande wa mlangoni, alikuwa Mzee Elirehema, mwenyekiti wa kikundi cha kahawa. Huyo mzee akiketi kwenye benchi kanisani, mtu wa upande wa pili anaona paa kwa karibu. Baba alisimama na kofia mkononi, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Ungemwambiaje mzee wa kanisa ainuke, tena na sahani ya machalari, ndizi na nyama, mapajani? Maombi yakawa marefu. Mimi nilikuwa nimeinama nanawisha watu mikono, nikauona mguu wa mashine chini ya Mzee Elirehema unazama kwenye zege kama kijiko kwenye uji. Nikamnong'oneza mama. Mama akanifinya, na hapo nilipofinywa mvua ikitaka kunyesha pananiambia mpaka leo.

Jumatatu asubuhi baba akafunga kile chuma, akawasha. Watu walijaa mlangoni, na nyuma yao magunia ya kahawa yalishaanza kunukia pombe. Alipopima unene kwa kalipa upande mmoja, akaenda kupima wa pili, uso wake ukabadilika. Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Akapima tena. Mzee Elirehema akasema alishajua, chuma chakavu kikipigwa msasa kinabaki chakavu, na baba ameharibu chuma cha watu. Baba akasema kwa sauti ndogo kwamba huenda mgongo wa mashine umekwisha, bora aiuze kwa kilo kama chakavu. Akaweka kalipa chini. Sijawahi kusikia kitu kidogo kikiwekwa chini kwa kelele namna ile.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikamtafuta mama kwa macho, nikaona vidole vyake vinajiandaa. Nikapita mbali na vidole.

"Shikamoo babu," nikasema. "Mashine ni nzima. Ni pale ulipoketi jana ndipo paliposhuka."

Hata mvua nadhani ilisimama isikilize. Mzee akanitazama, muda ambao kwangu ulikuwa kama kwaresima mbili.

"Jana ulikuwa unanawisha watu mikono au unanipima uzito?"

"Vyote, babu."

Baba akachukua pima maji, akaiweka pale. Povu likakimbilia pembeni. Hakuna aliyecheka. Mzee Elirehema akavua koti lake la Jumapili, alilokuwa amevaa Jumatatu, akaomba mtaimbo. Akaulalia kwa uzito ule ule, mguu ukainuka, na baba akasukumiza chini yake vipande vya bati kimoja baada ya kingine mpaka povu likarudi katikati. Chuma kilikuwa kimebakiza unene wa kukereza mara moja tu. Kisu kikapita polepole, wote tumebana pumzi. Kalipa huku. Kalipa kule. Sawa. Saa nane mtambo ulikuwa unatema maganda, na mama bado hajaamua kama anifinye.

Siku hizi nina karakana yangu Engutoto. Hata simu inapima kama kitu kimelala sawa, na shikamoo napokea nyingi kuliko kazi. Juzi nilifunga chuma cha mteja vibaya, kikaharibika chote. Fundi mwenzangu, binti mwenye cheti chake, alikuwa ameona tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Mama, wewe ni mkubwa." Sikumgombeza. Nikawa nawaza ni vyuma vingapi vimeshaharibika hivyo, kuna aliyeona akanyamaza.